Mwanafunzi wa Tano

Darasa letu la Kiswahili lilikuwa chini kabisa, kwenye ghorofa iliyozama ardhini, jirani na stoo ya viti vibovu. Lilikuwa la Alhamisi tu, saa tisa na nusu alasiri, wakati wenzetu wa sekondari wameshavaa makoti na wanakimbilia treni. Ukimaliza ngazi, mlango wa kulia ulikuwa wetu na wa kushoto ulikuwa wa Kifilipino. Katikati ilisimama mashine ya vinywaji iliyoharibika tangu kabla sijaanza shule ile, na ubavuni mwake mtu alikuwa ameandika kwa kalamu nene maneno ya Kiswidi ambayo sitayaandika hapa.

Niseme mapema ili asije mtu akakaa na matumaini: la Kifilipino lilipona, letu halikupona. Kwa muda mrefu nilijiambia kwamba wenzetu walikuwa na bahati tu. Siku hizi siwezi tena kujiambia hivyo. Haya ninayoyaandika nimeyatoa kwenye madaftari yangu ya wakati ule, maana nilikuwa mtu wa kuandika kila kitu na kusema karibu hakuna kitu.

Mimi nina aibu. Sisemi ile aibu wanayoisifu wakubwa, kwamba mtoto ana adabu. Yangu ni ya kwenda dukani kununua maziwa, ukakuta rafu tupu, ukarudi nyumbani mikono mitupu kwa kuogopa kuuliza kama yamebaki stoo. Kila ripoti ya shule niliyowahi kupata ina sentensi moja: anajua lakini haongei. Mama alikuwa akiisoma, anaguna, anaitia kabatini.

Alhamisi nilikuwa naongea. Sijui kuieleza vizuri. Mwalimu wetu alikuwa mama wa Tanga, wa umri wa kama miaka hamsini na tano, aliyekuja Sweden zamani kusomea kazi nyingine kabisa akaishia kufundisha. Alizunguka shule baada ya shule na begi lenye magurudumu. Jumatatu yuko Sundbyberg, Jumanne sijui wapi, Alhamisi kwetu. Sheria yake ilikuwa moja: kila wiki kila mtu aandike ukurasa mmoja wa maisha yake, wa kweli, na yeye atajibu chini yake. Alikuwa hasahihishi sana. Alikuwa anauliza. Nilipoandika habari ya maziwa aliandika chini: "Na aliyekaa kwenye kaunta ya kulipia alikuwa nani? Kijana au mzee? Alikutazama?" Basi wiki iliyofuata nikajikuta nimesimama mbele ya darasa naeleza, kwa mdomo, kwamba alikuwa kijana mwenye hereni ya puani, na ndiyo, alinitazama.

Darasa lenyewe lilikuwa kichekesho. Tulikuwa watano. Kulikuwa na mtu na mdogo wake, wasichana wa Kikongo kutoka Jordbro, waliochanganya Kiswahili na Kifaransa kama chai na maziwa. Kulikuwa na kijana wa Kikenya aliyekuwa akidai Kiswahili chetu ni cha kwenye redio. Kulikuwa na kaka mmoja Mtanzania wa Sundbyberg, mwaka wa mwisho, mpole. Na mimi, ambaye mama yangu ni Mrundi aliyelelewa Kigoma.

"Mwanafunzi akitaka kusema atafika kesho, atasemaje?" mwalimu aliuliza siku moja.

"Ntakuya kesho," alisema mkubwa wa wale wa Kikongo.

"Ntakam kesho," alisema Mkenya. "Hiyo ya kwako ni ya wapi, ya porini?"

"Na yako ni ya wapi, ya stendi?"

Mwalimu akacheka mpaka akavua miwani. "Mimi nitakuja kesho," alisema. "Haya, basi kesho tutaonana wote, na kila mtu na njia yake."

Mlango wa kushoto alikuwa akiingia rafiki yangu. Niseme rafiki, ingawa nadhani yeye alinichagua na mimi nilinyamaza tu mpaka ikawa. Tulikaa dawati moja kwenye hesabu. Alikuwa Mfilipino, mfupi, sauti kama kengele, na wala hakujali kama namjibu au simjibu. Alhamisi tulishuka ngazi pamoja tukaachana pale kwenye mashine mbovu. Wakati mwingine, sisi tukiwa katikati ya kusoma, ukuta ulileta vicheko vyao na mwalimu wetu alikuwa akisema, "Hawa wenzetu leo wamekula nini?"

Siku moja aliniambia, kwa Kiswidi, kwamba nyumbani kwao hawaongei Kifilipino. Wazazi wake wanaongea Kibisaya. Wengine wa darasa lao wana lugha nyingine tena, Kiilokano na nyingine nilizozisahau. Kifilipino walikipata wazazi wao shuleni na kwenye televisheni.

"Sasa kwenye fomu ya shule mnaandika nini?" niliuliza. Maana kila mwaka mzazi anajaza fomu: lugha ya nyumbani ni ipi. Unaandika moja, si mbili.

"Kifilipino. Wote."

"Hata kama si ya nyumbani?"

"Ya nyumbani tunayo nyumbani," alisema, kama anamweleza mtoto mdogo. "Shuleni tunataka darasa."

Nililiandika lile jibu daftarini jioni ile ile. Nililiandika kwa sababu lilinichekesha. Sikuona kwamba lilikuwa linanihusu.

Juni yule kaka wa Sundbyberg alimaliza shule. Tulimwona ngazini na kofia yake nyeupe ya kuhitimu, amevikwa maua shingoni, akapiga saluti. Agosti tuliporudi tulikuwa wanne. Kwenye mlango wetu ilibandikwa karatasi: lugha isiyo na wanafunzi watano haitafundishwa mwaka huu, mwisho wa kuhesabu ni Ijumaa ya pili ya Septemba. Nikageuka. Mlango wa kushoto ulikuwa na karatasi hiyo hiyo. Wao pia walikuwa wamebaki wanne.

Mwalimu alikaa juu ya meza siku ile, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

"Wanangu, mimi siwezi kuwafuata wazazi majumbani," alisema. "Nikigonga mlango wa mtu, atasema mama huyu anatetea kibarua chake. Na atakuwa hajakosea. Kazi hii ni yenu. Nani anamjua mtoto wa Kiswahili aliyeanza shule mwaka huu?"

Mimi nilimjua mmoja. Msichana wa kanisani kwetu, kabati lake la vitabu lilikuwa la tatu kutoka langu. Nikaona mkono unapanda na kumbe ni wangu.

"Mungu wangu," alisema Mkenya. "Ameinua mkono bila kuitwa. Mwalimu, andika tarehe."

Jumapili mimi na mama tulitoka nyumbani Rågsved kwa basi mpaka Älvsjö, kisha treni mpaka Jordbro. Kanisa letu la Warundi halikuwa na jengo. Tulikuwa tunaazima ukumbi wa parokia mchana, Waswidi wakishamaliza ibada yao, na kila mwisho wa ibada kulikuwa na chai ya maziwa, maandazi, na zamu ya kuosha vikombe. Njia nzima nilirudia sentensi moja kichwani. Mama aliniuliza mara mbili kama naumwa.

Mama wa yule msichana alikuwa ndiye kiongozi wa kwaya, mwanamke mrefu mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya mto. Nilimfuata pale alipokuwa anakunywa chai na wenzake.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, binti. Mbona umekonda hivi? Wee," alimwita mama yangu aliyekuwa anamimina chai meza ya pili, "huyu unampa chakula au unamwonyesha tu?"

Watu wakacheka. Mama pia. Mimi nikaisema sentensi yangu, haraka, nikitazama kikombe chake: kwamba darasa la Kiswahili shuleni kwetu linataka mtu mmoja, na tunaomba binti yake aandikishwe.

Aliweka kikombe chini. Hakukasirika. Ingekuwa nafuu angekasirika.

"Kiswahili? Mwanangu Kiswahili anakijua. Nitamwandikisha vipi kitu anachokijua? Kiswahili ni cha wote, binti yangu. Mkongo anakiongea, Mkenya anakiongea, mimi na mama yako tunakiongea hapa. Hakiwezi kufa. Lakini Kirundi kikifa hapa Stockholm, nani atakizika?"

"Kweli," mtu mmoja alisema nyuma yake.

"Sisi hapa tumekubaliana. Fomu za mwaka huu, kila Mrundi aandike Kirundi. Tukifika watano, lazima watutafutie mwalimu. Na tumeshafika! Muulize mama yako."

Nikamtazama mama. Alikuwa ameshika chupa ya chai, anatazama kitambaa cha meza. Nilidhani anaona haya kwa ajili yangu, kwa vile nimesema mbele za watu na nimekataliwa. Nikamwonea huruma. Nikaenda kuosha vikombe, ingawa haikuwa zamu yetu.

Jumatatu rafiki yangu alikuja hesabu akiwa amejaa habari. Wao walikuwa wameshapata. Akina shangazi wa misa yao walikaa baada ya ibada wakapanga majina ya watu wote wanaowajua wenye watoto, wakagawana. Alipatikana kijana mmoja, mama Mfilipino, baba Mswidi, hakuwa ameandikishwa lugha yoyote. Shangazi mmoja akaenda kwao na fomu na kalamu.

"Mama yake alisema atafikiria. Shangazi akasema sawa, fikiria tu, mimi nina nafasi. Akakaa jikoni mpaka kahawa ikaisha. Akachemsha nyingine mwenyewe!" Alicheka, kisha akaniona sicheki. "Nyinyi je?"

"Bado."

"Hamna mashangazi?"

Nilimwambia tunao wengi. Nilimweleza ya kanisani. Alisikiliza kwa makini, kitu adimu kwake, kisha akasema, "Lakini si mngeandika wote Kiswahili, halafu hicho kingine mwongee nyumbani?" Nikasema ni vigumu kueleza. Haikuwa vigumu hata kidogo. Ila kila mtu kwetu aliona Kiswahili ni cha mwenzake: kwa Mkongo kilikuwa cha Mtanzania, kwa Mrundi cha Mkenya, na Mkenya kwao nyumbani alikuwa anaongea Kiingereza. Tulikutana ndani yake wote na hakuna aliyekiandikia jina lake.

Alhamisi, siku moja kabla ya mwisho, wale ndugu wawili wa Jordbro walishuka ngazi wakiwa watatu. Walikuwa wamemleta binamu yao, ametoka shule nyingine wiki ile ile, fomu imeshatiwa sahihi na imepelekwa ofisini.

"Mwalimu, tumekuletea," alisema mkubwa. "Anaongea kidogo, anakula sana."

Mwalimu alimkumbatia yule mgeni kama amefika kutoka vitani. Akafungua begi lake la magurudumu akatoa kopo la visheti. Alikuwa amevipika, alisema, ili tuvile tukiagana, sasa tutavila tukikaribishana. Mkenya alihesabu kwa sauti akitugusa vichwa: mmoja, wawili, watatu, wanne, watano. Alipofika kwangu alinigusa taratibu, kama yai. Tulikula. Ukutani upande wa pili wakapiga makofi ya kitu chao wenyewe na sisi tukajibu kwa makofi.

Mwalimu mkuu msaidizi aliingia tukiwa bado tunatafuna. Alikuwa mtu mpole, anakwenda kazini kwa baiskeli, kofia yake ya baiskeli ameining'iniza mkononi. Alipewa kisheti akashukuru. Kisha akatazama karatasi yake.

"Nasikitika. Mimi nina wanne."

"Hesabu," alisema Mkenya kwa Kiswidi, akitunyooshea kidole mmoja mmoja.

"Nawaona. Lakini mmoja wenu mwaka huu ameombewa lugha nyingine. Huenda ni kosa tu. Sitamtaja hapa. Kesho asubuhi aje ofisini na mwalimu, tuangalie. Kesho ndiyo mwisho."

Wote walitazamana. Mimi sikumtazama mtu. Nilikuwa naiona ile chupa ya chai na kile kitambaa cha meza.

Nilifika nyumbani kabla ya saa kumi na mbili. Mama alikuwa hana zamu siku ile kwenye nyumba ya wazee alikofanya kazi, na tulikuwa tumepanga anisuke. Aliketi kwenye kochi, mimi sakafuni katikati ya magoti yake, nimeegemea, mafuta na chanuo kando. Kusukwa kuna uzuri wake: mnaongea bila kutazamana. Nikauliza. Niliuliza kwa Kiswidi, kama nilivyokuwa nikiongea naye siku zote tangu tufike nchi hii.

"Mama, kwenye fomu yangu uliandika nini?"

Chanuo likasimama.

"Kirundi," alisema.

"Kwa nini hukuniuliza?"

"Ningekuuliza kwa lugha gani?"

Akaendelea kusuka. Alivuta kwa nguvu zaidi, sidhani kwa makusudi.

"Miaka kumi na miwili nakusemesha Kiswahili, unanijibu Kiswidi. Nakuita kula kwa Kiswahili, unasema unakuja kwa Kiswidi. Nikasema, huyu Kiswahili hakitaki. Anakwenda lile darasa kwa ajili ya maksi. Basi kama ni maksi, acha apate na kitu cha kwetu."

Hakuwa anajua. Hakuna aliyewahi kumwambia kwamba Alhamisi, chini kule, binti yake anasimama na kusimulia na watu wanacheka mahali anapotaka wacheke. Madaftari yangu nilikuwa nayaficha chini ya godoro kama sigara.

"Bibi yako akipiga simu Jumapili," aliendelea, "unasema ego, ego, ndiyo, ndiyo, kisha unanipa simu. Halafu ananiuliza mimi: mtoto ana nini? Hanipendi? Mimi namwambia ana homa. Una homa kila Jumapili tangu una miaka saba. Juzi akaniambia nikupeleke kwa daktari mwingine, huyo wa kwenu hajui kazi."

Alicheka kidogo. Nilisikia kicheko kikimwisha mgongoni kwangu, kwenye magoti yake.

"Ana miaka themanini na kitu. Nataka kabla hajaondoka akuulize umekula nini, umjibu. Mara moja tu. Sitaki makubwa."

Nikamweleza habari ya kesho. Kwa Kiswidi. Nikamwambia fomu inaweza kubadilishwa, na nikamwambia alivyosema mwalimu mkuu msaidizi. Sikumwambia kwamba wa tano ni mimi, kwamba bila mimi darasa linafungwa. Nilitaka kumwambia.

"Ukitaka, nitabadilisha," alisema mama. "Watanipigia, nitasema ndiyo. Masomo ni yako." Alisema hivyo kwa sauti ile aliyoitumia siku aliponirudishia dukani viatu alivyoninunulia, kwa sababu nilisema havipendezi.

Kulikuwa na sentensi moja ya kusema. Ilikuwa ya Kiswahili na ilikuwa fupi: Mama, mimi naongea. Ningeisema, angesimamisha chanuo, angeniuliza kitu, ningejibu, na labda kila kitu kingekwenda upande mwingine. Nilikuwa na muda wa nusu kichwa. Alisuka mstari, akasuka mwingine, na mimi nimekaa pale na sentensi yangu mdomoni, mtu mzima wa miaka kumi na saba, nikimwonea aibu mama yangu mzazi. Baada ya miaka kumi na miwili unaanzia wapi? Ni kama kuingia chumbani kwa mtu bila hodi. Nikamwambia, kwa Kiswidi, asivute sana hapo karibu na sikio.

Ijumaa asubuhi ofisini kulikuwa na viti vitatu. Mwalimu alikuwa ameshafika, ingawa Ijumaa haikuwa siku yake ya kuja kwetu. Alikuwa amevaa koti zuri. Begi lake lilisimama pembeni yake. Nilijua aliponiona tu kwamba alikuwa hajui ni nani atakayeingia, na kwamba hakutegemea awe mimi.

Mwalimu mkuu msaidizi alinionyesha fomu. Mwandiko wa mama, herufi kubwa kubwa, umekandamizwa mpaka karatasi imeacha alama upande wa nyuma: KIRUNDI.

"Hili ni jambo dogo," alisema. "Nampigia mama yako sasa hivi, akikubali nabadilisha, mna watano, tumemaliza. Lakini lazima niulize, ni sheria. Nyumbani mnaongea lugha gani?"

Simu ilikuwa mezani karibu na mkono wake. Nilimwona mama nyumbani, ameshika simu, akisema ndiyo. Ndiyo, badilisha. Angeisema kwa Kiswidi chake cha kazini, cha upole, kisha angekata simu na kukaa. Na Jumapili ningekuwa na homa.

Nikamtazama mwalimu. Yeye alijua. Katika kurasa zangu zote alikuwa amemsoma mama: mama akigombana na mashine ya kufulia, mama akisema nimenuna kama mkate uliokosa hamira, na yote hayo kwa Kiswahili, kwa sababu ndiyo lugha aliyokuwa akiisema.

"Kirundi," nikasema.

Kalamu ya mwalimu mkuu msaidizi ilisimama hewani. "Una hakika?"

"Ndiyo."

Akamgeukia mwalimu, kama anamwuliza. Mwalimu angeweza kusema neno moja. Alikuwa na madaftari yangu mawili ndani ya lile begi, ushahidi wote aliouhitaji. Alinitazama. Kisha akasema kwa Kiswahili, taratibu, kwangu mimi tu:

"Sawa, mwanangu."

Na kwa Kiswidi akamwambia yule bwana kwamba mtoto anajua lugha ya nyumbani kwao.

Mwalimu wa Kirundi hakupatikana. Walitafuta, nasema kweli, kanisa liliandika barua na shule ilijibu kwa heshima, lakini hakupatikana mwaka ule wala uliofuata, na barua ya mwisho ilipokuja mama aliisoma amesimama akaitia kabatini pamoja na ripoti zangu. Bibi alifariki majira ya kuchipua. Sikuwa nimemjibu. Wale wa Jordbro hawakunisema vibaya, waliambiwa tu kwamba idadi haikutimia, na mdogo wao aliendelea kunisalimia kwenye korido, "Wee, njo vipi?" Mkenya alijua, sijui kwa nani. Alinisimamisha siku moja kwenye ngazi. "Si ungesema tu?" alisema. "Neno moja, aki." Rafiki yangu alinialika Alhamisi nikae nao kwenye Kifilipino, kwamba mwalimu wao hana shida. Nilikwenda mara moja. Walinipa kiti karibu na dirisha na sahani ya tambi, wakaongea na kucheka, na kila mmoja alikuwa na lugha yake nyingine nyumbani. Sikuelewa neno. Nililia kidogo nikisingizia pilipili, na wakaamini, au wakafanya adabu.

Lakini hayo yote yalikuja baadaye. Ijumaa ile tulitoka ofisini pamoja, mwalimu na mimi, tukatembea korido ndefu mpaka mlango mkubwa. Magurudumu ya begi yalikuwa yakigonga kila kiungo cha sakafu. Nilingoja anigombeze. Nilikuwa nimejiandaa, hata nilitamani. Aliniuliza kama nimekula asubuhi. Nikasema ndiyo. Akasema nywele zangu zimependeza, nani amenisuka? Nikasema mama.

"Ana mkono mwepesi," alisema.

Mlangoni alifungua begi akanirudishia madaftari yangu mawili. Akavaa glovu, kidole kimoja kimoja. Ilikuwa Septemba tu, bado hakukuwa na baridi ya glovu.

"Haya, mwanangu. Msalimie sana mama."

"Zimefika, mwalimu," nikajibu, kama tunavyojibu.

Alishuka kuelekea kituoni. Nilirudi darasani, nikakaa hesabu, nikaenda nyumbani. Mama aliuliza habari za shule, nikasema nzuri. Alisubiri kidogo na sufuria mkononi, kama mtu anayejua kuna kitu kingine. Zile salamu sikumpa. Ningempa, ningelazimika kumweleza zimetoka kwa nani, na huyo mtu ni nani kwangu, na amepata wapi kumjua.